Nani Anamfunda Mkuu wa Chuo?

Tangu sheria ya 1994 ilipoanzisha VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, tumezoea kuhesabu majengo na mashine. Sasa vyuo vinafunguliwa hadi wilayani, na kila kimoja kinahitaji mkuu. Huyo hutoka wapi? Mara nyingi ni mwalimu hodari wa uchomeleaji au umeme aliyepandishwa cheo. Jana alikuwa karakanani. Leo anakabili kanuni za manunuzi, bajeti iliyochelewa, na mwenye gereji anayelalamika kwamba mwanafunzi aliyeletwa kwa mafunzo ya vitendo hajawahi kuona kifaa cha kusoma hitilafu za gari.

Morogoro kipo chuo cha kuandaa walimu wa ufundi stadi, na kazi yake ni ya maana. Lakini kufundisha somo si kuongoza chuo. Semina ya siku mbili hotelini, yenye posho na cheti (tunazijua!), haitoshi. Mkuu mpya akae kwanza miezi kadhaa chini ya mkuu mzoefu, kisha apelekwe viwandani aone mitambo inayotumika leo. Waajiri tayari wanalipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, inayokokotolewa kwa mishahara ya wafanyakazi wao. Wana haki ya kuuliza ni kiasi gani kinatumika kumnoa anayeshika usukani wa chuo.