UZI: Mheshimiwa akisema "tupunguze gredi", muulize ni za mlango gani

Mliomba niweke hapa maneno niliyoyatoa kwenye kikao cha vijana juzi, kwa hivyo huu ndio uzi, karibu vile vile nilivyousoma. Nimeondoa tu salamu za wageni waalikwa kwa sababu zilikuwa ndefu kuliko hotuba yenyewe. Kanuni ya hapa mnaijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukitaka kupiga kampeni, piga kwenye ukurasa wako.

Hotuba inaanza hapa.

Ndugu zangu, kila msimu wa siasa ukifika kuna mjadala mmoja ambao haukosi. Upande mmoja unasema C+ ya kuingia chuo kikuu inawafungia nje watoto wa maskini, ishushwe. Upande wa pili unajibu kwamba mkiishusha tu, mtaletewa wataalamu feki. Ukumbi unapiga makofi kwa wote wawili, halafu watu wanaenda nyumbani. Mimi leo nataka tuuchukue mjadala huu tuuweke juu ya kozi moja tu, tuone kama unasimama. Kozi yenyewe ni udaktari wa mifugo.

Mbona hiyo? Kwa sababu hapo ndipo swali linakuwa na uso. Kuna vijana wengi katika kaunti za wafugaji na hata kwenye maboma ya ng'ombe wa maziwa huku juu, ambao wamekua wakizalisha ng'ombe usiku wa manane, wanajua mbuzi anaumwa kabla hajaanza kukohoa, lakini matokeo ya KCSE yamerudi na C ama C-, na kemia ina D. Huyo kijana anamsikiliza mheshimiwa jukwaani akiahidi kushusha gredi, na anaamini ameongelewa yeye. Tuone kama kweli ameongelewa.

Anza na hiyo C+ yenyewe. Watu wengi wanadhani C+ ndiyo mlango wa kila kozi. Si kweli. C+ inakuruhusu kupiga foleni ya digrii, basi. Nani anaingia kozi gani, hiyo inaamuliwa na KUCCPS kwa pointi za klasta, na klasta hazitazami gredi ya wastani peke yake. Zinachukua masomo manne yanayohusiana na kozi, ambayo jumla yake ya juu ni 48, zikayaweka pamoja na jumla ya masomo yako saba, ambayo ya juu ni 84. Hesabu ya msingi inaenda hivi: gawanya pointi za masomo manne kwa 48, gawanya jumla yako kwa 84, zidisha hizo mbili, tafuta kipeo cha pili, halafu zidisha kwa 48. (Nilipofika hapa ukumbini kuna mtu alitoka nje. Sikumlaumu.)

Lakini tazama inachofanya. Chukua wanafunzi wawili, wote wana jumla ya 56 kwa 84, yaani wote ni B-. Wa kwanza, masomo yake manne ya klasta yanafika 32. Ukipiga hesabu anapata pointi 32 kamili. Wa pili alifanya vizuri kwenye biolojia na kemia, masomo yake manne yanafika 38. Huyo anapata karibu 34.9. Gredi ni ile ile kwenye cheti, mkutano wa mazazi uliwapongeza sawasawa, lakini kwenye foleni ya udaktari wa mifugo mmoja yuko mbele ya mwenzake kwa karibu pointi tatu. Na kwa kozi yenye viti vichache, pointi tatu ni umbali mkubwa.

Viti, hapo ndipo penyewe. Kozi hii inafundishwa mahali pachache sana. Kuna Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi yake ya Kabete, na kuna Egerton kule Njoro. Ni miaka mitano, ina maabara, ina wanyama wa kufundishia, ina hospitali ya mifugo. Pointi za mwanafunzi wa mwisho kuingia zinatokana na idadi ya viti na idadi ya walioomba. Hakuna mtu aliyekaa ofisini akaziandika kwa roho mbaya.

Sasa angalieni takwimu hizi. Mwaka 2016, ule mwaka usimamizi wa mtihani ulipokazwa, waliopata C+ kwenda juu walikuwa 88,929, karibu asilimia 15 ya watahiniwa. Gredi A zilikuwa 141 nchi nzima. Mwaka 2024 waliopata C+ kwenda juu walikuwa 246,391, kama robo ya watahiniwa. Mlango ni ule ule, C+, lakini foleni imekuwa ndefu karibu mara tatu. Madarasa ya Kabete hayatanuki kwa kufuata matokeo. Kwa hivyo ukishusha mlango hadi C leo, huyo kijana wetu wa C anapata haki ya kusimama nyuma kabisa ya foleni ambayo hata mwenye B hana uhakika nayo. Anapata furaha ya siku moja. Mimi naona hiyo ahadi ni ya kumhadaa, na nasema hivyo nikijua wengine hapa mnaipenda.

Isitoshe, muulize mheshimiwa: wewe unagombea nini? Gavana hana mamlaka juu ya gredi za kuingia chuo kikuu. Mwakilishi wadi hana kabisa. Vigezo vya kujiunga vinatoka kwa Tume ya Elimu ya Chuo Kikuu na seneti za vyuo vyenyewe, na sheria iliyo juu yao inatungwa Bunge la Kitaifa. Kwa hivyo gavana akiahidi kushusha C+, anakuahidi ng'ombe wa jirani.

Nisiwaache wale wa upande wa pili wakitabasamu. Hoja yao ya viwango ina uzito, siikatai. Mwaka 2006 kuingia 2007, mvua kubwa ziliponyesha, homa ya Bonde la Ufa ililipuka kaskazini mashariki, ikahama kutoka kwa mifugo hadi kwa watu, na zaidi ya Wakenya 150 wakafa. Daktari wa mifugo ndiye anayesimama hapo kwanza, kabla hospitali hazijajaa. Ndiye anasimama kati yako na nyama yenye kimeta. Wanaomdharau kwa kumwita "daktari wa ng'ombe" wangekumbuka kwamba Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeiweka huduma ya mifugo chini ya kichwa cha huduma za afya za kaunti, si chini ya kilimo peke yake. Waliiandika hapo makusudi.

Lakini je, kiwango kinalindwa wapi? Wao wanadhani kinalindwa na mtihani wa kidato cha nne. Mimi nasema kinalindwa mwishoni: mitihani ya miaka mitano, mazoezi ya vitendo, na usajili wa Bodi ya Madaktari wa Mifugo, KVB, chini ya sheria ya mwaka 2011. Mtu akiingia na C kupitia njia ndefu, halafu akafaulu upasuaji ule ule, famakolojia ile ile, mbele ya watahini wale wale, ng'ombe hatamuuliza alipata nini kwenye kemia akiwa na miaka 17.

Na hiyo njia ndefu ipo. Hapa ndipo nilitaka tukae, kwa sababu kwenye mijadala ya televisheni haigusiwi.

Kuna taasisi za AHITI, Kabete, Nyahururu na Ndomba, zinazofundisha afya ya mifugo. Diploma kwa kawaida inaanzia C-, ingawa lazima usome masharti ya masomo moja moja, kwa sababu unaweza kuwa na C- na bado ukakwama kwenye biolojia. Ukimaliza unasajiliwa na KVB kama mtaalamu msaidizi. Hiyo ni kazi kamili, si chumba cha kusubiria. Wengi wa watu ambao mama zetu wanawapigia simu ng'ombe akishindwa kuzaa ni hawa, na mara nyingi ndio pekee wanaofika.

Ukitaka kuendelea hadi digrii, diploma nzuri inaweza kukuombea nafasi. Sasa nisikilizeni kwa makini, hasa wenye gredi mbaya: hapa nakala yako ya matokeo ya diploma inakuwa mtihani wako wa pili. Chuo kinatazama kama ulipata distinksheni au krediti. Ukifika na pasi ya kuburuta, umebeba gredi mbaya mbili na hakuna tena wa kukutetea. Nimeona watu wanaingia diploma wakiwa wamekata tamaa, wanakosa madarasa, wanasema ni ya kupitisha muda. Ndiyo hiyo hiyo waliyohitaji.

Wengine huuliza kuhusu kurudia KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi. Inaruhusiwa. Ni mwaka mmoja, na inafaa zaidi kwa yule aliyekosa kidogo, mwenye B ambaye kemia ilimwangusha. Kwa mwenye D+, sidanganyi, ningemwambia aanze na ngazi ya chini. Na aliye chuoni tayari kwenye kozi nyingine, akitaka kuhamia udaktari wa mifugo, ajue kwamba kuhama hakufuti klasta: lazima awe alifikisha pointi za kozi hiyo za mwaka wake.

Tatizo la ile ngazi ndefu ni hili. Mtu amesoma diploma miaka miwili au mitatu, amefanya kazi kijijini miaka minne, amedunga sindano maelfu, halafu anaingia digrii na anaweza kujikuta anaanza mwaka wa kwanza, anafundishwa majina ya mifupa pamoja na mtoto aliyetoka shule jana. Jumla ni miaka saba au minane darasani. Na ada je? Tuna sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za kitaaluma tangu 2014, ambayo lengo lake lilikuwa mtu aweze kupanda kutoka ngazi moja hadi nyingine na alichojifunza kihesabiwe. Hapo ndipo mbunge anapaswa kubanwa. Asiulizwe kama atashusha C+. Aulizwe: mwenye diploma ya afya ya mifugo na miaka mitano kazini, kwa nini asipunguziwe hata mwaka mmoja? Nani anazuia, chuo, tume au bodi? Akishindwa kujibu, angalau mtajua hakuwahi kusoma.

Kuhusu pesa nitapita haraka. Tangu 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha masomo sambamba, aliyekosa pointi lakini mzazi wake ana shamba la kuuza aliweza kuingia. Wale wanaolia kuhusu viwango siku hizi, sikumbuki wakilia wakati viwango vilipokuwa vinanunuliwa. Mfumo mpya wa ufadhili ulioletwa 2023 nao umeenda mahakamani, ukatangazwa kinyume cha katiba Desemba 2024, uamuzi ukasimamishwa na Mahakama ya Rufaa. Kozi ya miaka mitano ni muda mrefu wa kusoma ukiwa hujui nani atalipa.

Mwisho kuna ajira, na hapa gavana hana pa kujificha. Hadi 1988 serikali ilikuwa inaajiri kila aliyehitimu udaktari wa mifugo. Halafu ikaacha, wakaambiwa wafungue huduma za kibinafsi. Zikafunguliwa mahali ambapo kuna pesa, kwenye ng'ombe wa maziwa na mbwa wa mijini, si kule mfugaji anahama na ngamia. Leo mwajiri ni kaunti. Kwa hivyo gavana akija kwenu, msimuulize gredi. Muulizeni wadi yenu ina daktari wa mifugo wangapi na wataalamu wasaidizi wangapi, nafasi zilitangazwa lini mara ya mwisho, na pikipiki waliyopewa ina mafuta ama imesimama.

Kulikuwa na swali moja kutoka kwa kina dada walioketi nyuma, nalijibu hapa pia kwa sababu limeulizwa tena kwenye maoni: je, mtu anaweza kwenda Makerere kule Uganda, ama Sokoine kule Morogoro, kama hapa pointi hazitoshi? Vyuo hivyo vinafundisha udaktari wa mifugo, na vina masharti yao. Lakini ukirudi Kenya lazima usajiliwe na KVB ili ufanye kazi. Kwa hivyo kabla ya kulipa hata shilingi ya kwanza, andikia Bodi, uwape gredi zako za KCSE na jina la kozi, uulize kama watakusajili ukimaliza. Jibu liwe kwa maandishi. Wakala anayekuambia "hiyo utashughulikia baadaye" anataka kamisheni yake.