Kwenda Msituni na Kurudi



Asubuhi ya leo, kabla mawingu hayajaufunika, Mlima Kenya ulikuwa wazi. Wengi wetu tuliupa kisogo: huyu akiwaza karo, yule deni la sako, mwingine mgonjwa aliyelazwa. Mtu aliyeelemewa hivyo akiambiwa aende akatembee msituni apate utulivu, huona anadhihakiwa. Mimi nasema ushauri huo ni wa kweli, ila umeishia njiani. Kwenda ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kurudi. Nitawaonyesha kwa safari tatu za huku kwetu.

Safari ya kwanza ilianzia Nanyuki. Ndani ya kambi ya mateka wa vita, Mwitaliano Felice Benuzzi alikuwa akizikwa na siku zisizo na tofauti: jana kama leo, leo kama kesho. Siku moja mawingu yalipasuka, akauona Mlima Kenya. Tangu hapo akawa na neno la kufanya. Yeye na wenzake wawili, daktari Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, waliweka akiba ya chakula kidogo kidogo, wakajitengenezea zana za kupandia barafu kwa vyuma chakavu. Picha ya mlima iliyobandikwa kwenye kopo la chakula ikawasaidia kuijua njia. Januari 1943 wakatoroka. Barsotti aliugua, akabaki chini; wawili wakashindwa na kilele cha Batian, lakini wakafika Lenana, mita 4,985. Kisha wakafanya jambo linalonishangaza kuliko kupanda kwenyewe: walishuka, wakajisalimisha kambini. Walihukumiwa kifungo cha upweke cha siku 28, wakatumikia 7. Waya wa kambi ulikuwa palepale. Waliorudi ndani yake ndio waliokuwa wamebadilika, kwa kuwa sasa walikuwa na siku zao wenyewe za kukumbuka.

Wanasayansi nao wamelitazama jambo hili la mandhari kumtuliza mtu. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha uchunguzi wa wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu yao dirisha liliwaonyesha miti, nusu likawaonyesha ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema zaidi, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo. Dirisha tu! Lakini tusizidishe: miti ile haikumlipia mtu yeyote gharama za hospitali.

Ndiyo maana safari ya pili ni lazima itajwe hapa, juu ya ardhi hii. Katika miaka ya vita vya Mau Mau, misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ilikuwa maficho, na papo hapo ikawa mahali pa njaa, baridi na mabomu yaliyodondoshwa na ndege za Waingereza. Pembeni mwa msitu wanakijiji walilazimishwa kuchimba handaki ili wasiweze kuwapelekea chakula watoto wao waliokuwa ndani. Mwulize mzee wa enzi zile kuhusu utulivu wa msitu, atakutazama kwanza. Desemba 1963, baada ya uhuru, wapiganaji walitoka msituni wakakusanyika hapa Ruring'u kukabidhi silaha. Kwao amani ilianza walipotoka mitini. Hapa tunafunzwa kwamba mandhari peke yake haimtulizi mtu aliyenyimwa haki na chakula, na anayemwambia mwenye njaa atazame mlima anamkosea yeye na mlima pia.

Safari ya tatu ni ya binti wa Ihithe, hapo Tetu. Wangari Maathai alipokuwa mdogo, mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo uliokuwa karibu na kwao, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Jirani na mti huo palikuwa na kijito alikochezea mayai ya vyura. Akaondoka, akasoma, akarudi: mugumo umekatwa, kijito kimekauka. Angeweza kulia akaishia hapo. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, na vikundi vya wanawake vikaotesha miche kwa mamilioni. Oktoba 2004 habari ya Tuzo ya Nobel ilimkuta njiani akija huku nyumbani. Alifanya nini? Katika bustani ya hoteli ya Outspan, mlima ukiwa mbele yake, alipiga magoti akapanda kibobakasi, mti wa maua mekundu kama moto. Siku kubwa kuliko zote maishani mwake aliituliza kwa udongo mikononi.

Ninyi vijana mnaokesha na mawazo, chukueni hili. Mlima hautawaondolea deni wala mtihani. Utawapa nafasi ya kupumua, mrudi mkiwa na nguvu ya kuyakabili. Nanyi pia mna deni kwake: mche mmoja mnaoumwagilia mpaka ushike, ukingo mmoja wa mto Chania msioutupia taka.

Na hakuna hata mmoja wa niliowataja aliyekwenda peke yake. Basi mkimwona jirani ameelemewa, msimwambie, "Nenda msituni." Mwambieni, "Twende," kisha mrudi naye hadi mlangoni pake.