Mfundishe Mtoto Kutazama Mawingu na Upepo

Ndugu wakulima wa Dutwa,

Leo nasema nanyi juu ya kazi isiyohitaji jembe wala fedha: kumfundisha mtoto wa miaka sita au saba kutazama mbingu. Pamba yetu hupandwa tangu katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba, na kila mwaka twaulizana: mvua hii ni ya kupandia, au ni ya kupita? Mbegu ikiota kisha jua likaichoma, kazi yote yarudiwa upya.

Kwanza, pande. Asubuhi mtoto anyoshe mkono wa kulia kwenye maawio ya jua. Mbele yake ni kaskazini, nyuma kusini, kushoto magharibi. Ziwa Viktoria liko kati ya mbele yake na mkono wa kushoto.

Pili, upepo. Simika mti mrefu mahali pa wazi, ufunge kitambaa chepesi kileleni. Upepo huitwa kwa upande utokako. Kitambaa kikipepea kuelekea magharibi, huo ni upepo wa mashariki. Hapa watoto wengi hukosea. Msiwakemee, waulizeni tena kesho.

Tatu, mawingu. Mawingu madogo meupe, kama pamba iliyochambuka, kwa kawaida hayaleti mvua. Lakini wingu likipanda kama mlima, chini jeusi, juu limetandazika kama fuawe la mhunzi, hilo lina radi. Upepo wa baridi ukivuma ghafula kutoka upande wake, mvua i karibu. Mtoto aliye machungani akisikia ngurumo asingoje tone la kwanza: arudi nyumbani upesi, wala asijikinge chini ya mti.

Nne, daftari. Saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri aandike: upepo watoka wapi, mawingu yamefunika robo, nusu, au mbingu yote, mvua imenyesha au la. Kama hajui kuandika, achore.

Msimu ukiisha, lisomeni daftari pamoja, mwone upepo upi ulitangulia mvua iliyodumu. Kabla ya kupanda tena, lilinganisheni na taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni.

Siku ya kupiga dawa ya wadudu pia, mwulizeni mtoto kwanza. Upepo ukiwa mkali, au wingu la mvua likipanda, dawa ingoje. Naye akae mbali kabisa na bomba.

Anzeni kesho asubuhi, jua likichomoza.