Mwaka Niliovaa Shati Jekundu

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



 Katibu aliponiandikia alitaka nizungumze juu ya michezo na masomo ya ng'ambo, nami nikakubali upesi kuliko ilivyonipasa. Maana kulizungumza jambo hilo kwa haki, hapana budi nitaje habari ambayo kwa zaidi ya miaka 20 sijaitaja katika ukumbi huu.

Wengi wenu mnakumbuka mwaka 2002. Nilikuwa nimepata udhamini wa riadha katika chuo kimoja cha miaka miwili huko Texas ya magharibi. Nauli ya ndege ilitoka katika harambee iliyofanywa papa hapa uwanjani. Mjomba wangu aliuza ndama. Wavulana wa kidato cha pili walichanga shilingi tano tano. Siku zile tuliamini kwamba kijana wa Kenya akifika Marekani na viatu vyake tu, basi atakuwa Henry Rono, yule aliyevunja rekodi 4 za dunia kwa siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State. Habari za waliorudi wakichechemea hazikutufikia.

Nilifika mwezi wa Agosti. Nyumbani nilizoea kilometa 70 kwa juma juu ya udongo. Kule nikaingia mara moja katika 120, nyingi zikiwa juu ya lami. Juma la tatu muundi wa mguu wa kushoto ukaanza kuuma. Nikanyamaza. Nilifunga kitambaa chini ya soksi, nikawa natabasamu mbele ya kocha kwa siku kumi nzima, hadi asubuhi moja nilipoketi kando ya barabara na kushindwa kusimama. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu, na ndivyo ilivyo mara nyingi ufa wa namna hiyo ukiwa bado mchanga. Kipimo cha pili ndicho kilichouonyesha, mwembamba kama unywele.

Shindano letu la kwanza la mbio za nyika, kilometa 8, lilikuwa siku nne mbele. Kocha akaniita ofisini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na sitamlaumu. Alinieleza kwamba katika vyuo vile vya miaka miwili, ambavyo michezo yake husimamiwa na chama kiitwacho NJCAA, mwanafunzi ana misimu 2 tu ya kushindana. Kwa kanuni za wakati ule, ukikimbia shindano moja rasmi, msimu huo umekwisha kuhesabiwa, isipokuwa daktari aandike na chama kikubali kukuonea huruma. Lakini usipokimbia hata moja, msimu unabaki wako. Wenyewe huita jambo hilo kuvaa shati jekundu. Husimuliwa kwamba jina lilitoka chuo kikuu cha Nebraska mwaka 1937, mchezaji mmoja, Warren Alfson, alipoomba kufanya mazoezi na wenzake bila kucheza, akapewa shati jekundu lisilo na nambari. Mimi sikupewa shati lolote. Niliambiwa tu nisipande basi.

Basi liliondoka saa 10 za alfajiri. Nililisikia likiwashwa, nikajifunika shuka.

Jumapili yake nilimpigia mama simu kwa kadi ya dola 5. Akauliza, "Baba, umekuwa wa ngapi?" Nikasema, "Wa tano, mama." Nitarudi kwenye jambo hili.

Muda wa kupona ulinifundisha kichekesho kimoja. Kwa kuwa mguu haukuruhusiwa kugonga ardhi, nilitiwa katika bwawa la kuogelea, kiunoni mkanda wa kuelea, nikaamriwa kukimbia ndani ya maji. Mimi, mtoto wa milimani, ambaye maji yangu yote yalikuwa ya mto wa kufika magotini! Vizee vya mji vilivyokuja kufanya mazoezi yao vilinipita kila asubuhi vikinisalimu kwa adabu.

Sasa nataka vijana wanisikilize vizuri. Shati lile huhifadhi msimu, lakini halisimamishi saa. Ukitaka kuhamia chuo kikuu cha daraja la kwanza la NCAA, kanuni ya siku zangu ilikupa miaka 5 ya kumaliza misimu 4, na miaka hiyo huanza kuhesabiwa siku unapojiandikisha chuo chochote kuwa mwanafunzi wa kutwa. Mguu ukiuma, saa yaendelea. Viza nayo yataka uchukue masomo yasiyopungua saa 12 za darasa kwa juma kila muhula. Na udhamini niliotia sahihi ulikuwa wa mwaka 1 tu. Mwaka wa pili ulikuwa ni hiari yao. Hayo yote yalikuwa yameandikwa katika karatasi nilizopewa. Sikuzisoma. Mimi ambaye leo mshahara wangu serikalini watokana na kusoma kanuni za watu wengine hadi mstari wa mwisho.

Kanuni zenyewe hubadilika. Desemba 2024 mahakama moja huko Tennessee ilimruhusu Diego Pavia, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani aliyepitia chuo cha miaka miwili, kucheza mwaka mmoja zaidi, na NCAA ikawafungulia wenzake wa hali hiyo mlango kwa msimu wa 2025 na 2026. Kwa hiyo msimtegemee mzee kama mimi. Ulizeni ya mwaka wenu, na mjibiwe kwa maandishi.

Kwa kuwa sikuwa na safari, nilisoma. Nilichukua saa 16 badala ya 12, na jioni nikaosha vyombo katika bwalo la chuo. Mwaka uliofuata nilikimbia, mguu ukaniwia mzito, udhamini wa riadha ukapunguzwa nusu. Alama za darasani ndizo zilizonihamisha. Texas ilikuwa na sheria kwamba mgeni akishinda udhamini wa ushindani usiopungua dola 1,000, aweza kusamehewa ile karo kubwa ya watu wa nje. Niliushinda. Nikaondoka baada ya miaka 2, na ule msimu niliouhifadhi kwa uchungu mwingi sikuutumia kamwe.

Naam, wa tano. Mama alimwambia mjomba, mjomba akamwambia mwalimu wetu wa michezo, na nimeambiwa habari ikasomwa paredi Jumatatu, shule nzima ikapiga makofi. Mwalimu huyo amestaafu, namwona ameketi safu ya pili. Mwalimu, sikuwa wa tano. Sikukimbia siku ile, wala msimu ule. Mama nilimwambia kabla hajafariki. Ninyi wengine mliochanga ndiyo kwanza mnasikia.

Vijana wanaoandikiana na vyuo vya huko, nitakuwa chumba cha walimu hadi saa 10 jioni. Njooni na karatasi zenu kabla hamjatia sahihi.