JE, NI HALALI MTU WA MBALI KUMSHURUTISHA MTAWALA?



Kijana mmoja darasani aliniuliza, "Mwalimu, ikiwa mtawala anawaonea watu wake, je, ni halali mataifa ya mbali kumshurutisha aache? Au kila nyumba ina mwenyewe?" Siku ile sikuweza kumjibu. Leo, katika Yubilei yetu, nitajaribu.

Twende kwanza Unguja, pale Mkunazini, palipokuwa na soko la watu. Mwanzo wa mwaka 1873 Sir Bartle Frere, aliyetumwa na Waingereza, alimtaka Seyyid Barghash akomeshe biashara ile, Seyyid akakataa. Baadaye balozi John Kirk akamwonya kwamba manowari zitakizunguka kisiwa, chombo kisiingie wala kisitoke. Tarehe 5 Juni Seyyid akatia sahihi, na soko likafungwa. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa mahali pale. Basi tusiwe wepesi kusema kwamba nguvu ya mgeni haifai kitu. Mtoto aliyeokoka asiuzwe hakuuliza manowari zile ni za nani.

Walakini si haki kuisimulia habari hii nusu. Waingereza wenyewe walikuwa wamefanya biashara ya watumwa miaka mingi, hata walipoikataza kwa sheria yao mwaka 1807. Na mkono uliofunga soko ndio uliotwaa nchi: mwaka 1890 Unguja iliwekwa chini ya himaya yao. Tena watumwa wa majumbani na mashambani walingoja hata mwaka 1897. Na hapo napo ilimpasa mtumwa aende mwenyewe barazani kuomba uhuru wake, na aliyelipwa fidia ni bwana wake, si yeye. Masuria waliachwa nje ya sheria ile hata mwaka 1909. Waliosemezana ni wakubwa na wakubwa. Mtumwa hakuulizwa neno.

Sasa tuitazame Afrika Kusini. Chifu Albert Luthuli, aliyekuwa mwalimu kama sisi, aliwaomba watu wa nchi za nje wasinunue bidhaa za nchi yake, ingawa alijua kwamba shida itawapata watu wake pia. Tarehe 26 Juni 1959 mkutano ulifanyika London kuanzisha mgomo huo wa kutonunua. Miongoni mwa waliosema walikuwa Julius Nyerere na Padre Trevor Huddleston, ambaye mwaka uliofuata alifanywa Askofu wa Masasi. Safari ilikuwa ndefu. Mwaka 1994 ndipo watu wa rangi zote walipopiga kura pamoja. Lakini hapo aliyeomba msaada ndiye aliyeumia, naye alikwisha kuihesabu gharama.

Wazee walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi jibu langu kwa kijana yule ni hili. Ni halali, lakini mwenye kushurutisha na aulizwe mambo matatu. Je, amewasikiliza wanaoumia, au anasema kwa niaba yao bila kuwauliza? Je, yuko tayari kupata hasara yeye mwenyewe, au anatafuta faida? Je, ameondoa kwanza boriti iliyo katika jicho lake? Asiyeweza kujibu, na tumwogope, hata akileta neno jema.

Nami nina neno la kuungama. Zamani jirani yangu alikuwa akimpiga mtoto wa kazi. Nilisikia kilio usiku, nikanyamaza, nikijiambia kwamba kila nyumba ina mwenyewe. Mtoto yule aliondoka, wala sijui aliko. Ndiyo maana swali la kijana lilinifunga kinywa.

Ndugu zangu, pana hatari katika kuingia nyumba ya mwenzio kwa nguvu. Lakini kilio kikisikika, asiyebisha hodi naye atadaiwa.