Maneno ya Katibu kwenye kikao cha tawi: Utalii tunaupimaje?

Kwa mliokosa kikao, tulisema hivi.

Watalii 2,141,895 waliingia nchini mwaka 2024, na tuna haki ya kushangilia. Lakini hayo ni mauzo, siyo faida; wenye duka mnatuelewa. Jukwaa la Uchumi Duniani lilipopima nchi 119 mwaka huohuo, halikuhesabu vichwa vya wageni peke yake. Lilitoa alama 1 hadi 7 kwa usalama, afya na usafi, barabara, viwanja vya ndege, bei, mazingira, hata nguvukazi na soko la ajira. Marekani ikaongoza, nyuma yake Hispania na Japani.

Sasa tujipime wenyewe. Njia ya kwenda maporomoko haipitiki masika. Choo cha wageni hakina maji. Vijana wetu wanaowatembeza wageni hawana mkataba hata wa karatasi moja, na hili ndilo linalotuuma zaidi.

Tunampelekea diwani yote matatu kwa maandishi. Mwenye kijana kwenye kazi hiyo atuletee maelezo ya malipo yake kabla ya Ijumaa.

Katibu wa Tawi