Daftari la Kikundi Likiwa Ndani ya Simu

(Mazungumzo kwa makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia)

Leo hatuzungumzi juu ya mbuzi wa maziwa wala matangi ya maji. Tunazungumza juu ya kitu kidogo kinachokaa mfukoni, yaani simu, na juu ya siri za watu zilizomo ndani yake.

Vikundi vingi vya kuweka na kukopa vina sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na watu watatu, na sanduku lenyewe hukaa kwa mtu mwingine. Hakuna anayeudhika kwa mpango huo. Hatusemi kwamba mweka hazina ni mwizi. Tunasema mali ya watu wengi haiachwi mikononi mwa mtu mmoja. Sasa hebu tuulizane: daftari la kikundi liko wapi? Siku hizi katibu amelipiga picha, ama ameliandika upya ndani ya simu. Humo mna majina, namba za vitambulisho, namba za simu, akiba ya kila mtu, mikopo, na nani amechelewa kulipa. Pesa zina kufuli tatu. Siri za wenye pesa mara nyingi hazina hata moja.

Kwa nini tujali?

Pengine mtu atasema, "Sisi watu wa kijijini tuna siri gani?" Haya, tuangalie. Jina kamili, namba ya kitambulisho na namba ya simu zikiwa pamoja, tapeli amepata pa kuanzia. Anampigia mama simu, anamtaja kwa majina yake yote matatu, anamtajia na mkopo wake. Mama anaamini kwamba anaongea na mtu wa ofisi. Kidogo kidogo anaombwa namba ya siri ya M-Pesa.

Tena kuna jambo zito kuliko pesa. Tuseme mwanachama ameieleza kamati kwamba anatumia dawa za ARV, na akaleta barua ya kliniki ili asitozwe faini ya kukosa mkutano. Yeye aliambia watu watatu, hakuambia kijiji. Barua ile ikianza kutembea kutoka simu hadi simu, hatatoka kwenye kikundi tu. Anaweza hata kuogopa kwenda kliniki. Hapo tumemwumiza mwenzetu kwa kidole kimoja tu.

Sheria nayo iko. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya mambo yake ya faragha. Ikafuata Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na habari za afya ya mtu zimepewa ulinzi wa pekee. Si maneno ya karatasi tu. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ruhusa ya wazazi.

Kabla ya kutuma

Kundi la WhatsApp lenye watu 25 ni simu 25. Ukituma picha ya kitambulisho cha mtu humo, umeitoa nakala 25. Wale ambao simu zao huweka akiba kwenye mtandao, nakala ya pili inakwenda huko bila wao kujua. Ukifuta baadaye, huwezi kuifuta ile ambayo mtu amekwisha kuihifadhi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo tufuate desturi hizi:

1. Tuma kwa anayehitaji peke yake. Kama benki inataka vitambulisho vya maafisa watatu, vipelekwe kwa benki, visipitie kwenye kundi.

2. Tuma kinachohitajika tu. Mkutano unataka kujua jumla ya mikopo. Majina ya waliochelewa yazungumzwe na kamati na wenyewe.

3. Ujumbe wa M-Pesa huonyesha salio la mtu. Mwanachama akitaka kuthibitisha kwamba amelipa, afute sehemu ya salio kwanza, ama amtumie mweka hazina peke yake.

4. Simu nyingi zinaweza kuandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Nenda kwenye mipangilio ya kamera uzime sehemu ya mahali, hasa unapopiga picha za watoto au nyumba za wajane. Picha ikitumwa kama faili, habari hiyo inaweza kwenda nayo.

5. Ukiweka daftari kwenye Google Drive, usichague njia ya "yeyote mwenye kiungo". Andika anwani za barua pepe za wale wanaoruhusiwa tu.

Akiba haiozi, lakini huibwa

Hatusemi msiweke nakala. La! Simu huanguka kisimani, huibwa sokoni, hufa tu yenyewe. Kikundi kisicho na nakala ya pili siku hiyo hubaki na ugomvi: huyu anasema aliweka elfu tatu, yule anasema ni mbili. Nakala ni lazima. Lakini kila nakala ni ghala lingine, na kila ghala linataka mlango.

Njia ya kwanza ni flashi. Kwenye kompyuta, programu ya Excel ina mahali pa kulifunga faili kwa neno la siri. Lifungeni daftari hivyo, mliweke kwenye flashi, na flashi mwiweke wapi? Ndani ya lile sanduku la kufuli tatu. Siku ya mkutano inatolewa, daftari linasahihishwa, inarudi. Neno la siri lijulikane na watu wawili, na lisiandikwe juu ya flashi!

Njia ya pili ni mtandao. Kikundi kiwe na akaunti yake ya Google, isiwe ya katibu na picha za harusi ya mtoto wake. Katibu akihama ama akibadilishwa, akaunti inabaki ya kikundi, na neno la siri linabadilishwa siku hiyo hiyo. Washeni ulinzi wa hatua mbili, ndipo mwenye kuiba neno la siri asiweze kuingia kwa hilo tu. Google hutoa pia namba 10 za dharura, za kutumia kama simu imepotea. Ziandikeni kwenye karatasi, nayo iingie sandukuni.

Na mazungumzo ya WhatsApp je? Watu wengi hudhani akiba yake imefungwa kama mazungumzo yenyewe. Tangu mwaka 2021 WhatsApp imeweka njia ya kuifunga akiba hiyo kwa neno la siri, lakini ni wewe unayetakiwa kuiwasha kwenye mipangilio. Angalizo moja: ukilisahau neno hilo na simu imepotea, hata kampuni yenyewe haiwezi kukufungulia.

Mikono ya watu wengine

Faili hutoka pia kwa njia ambazo hatuzidhanii. Kwa saiba, ukifungua barua pepe ama WhatsApp kwenye kompyuta yao ili uchapishe, faili hubaki pale. Ukimaliza, lifute, lifute tena kwenye pipa la taka la kompyuta, kisha utoke kwenye akaunti. Halafu angalia kwenye WhatsApp ya simu yako, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, uondoe usichokijua.

Simu ikienda kwa fundi, toa laini na kadi ya memori ubaki nazo. Kadi ya memori kwa kawaida husomeka kwenye simu nyingine yoyote, hata kama simu yako ina namba ya siri. Pale mnapochajisha, simu iachwe imezimwa au imefungwa. Ukiuza simu ama kumpa mtoto, kufuta picha moja moja hakutoshi, maana picha zilizofutwa zinaweza kukaa kwenye pipa la simu siku 30 au zaidi. Weka nakala yako kwanza, ondoa akaunti ya Google, kisha irudishe simu ilivyokuwa ilipotoka kiwandani.

Na programu mpya ikiomba kuona majina yote ya simu yako, uliza sababu. Tochi ina kazi gani na namba za wanachama?

Simu ikipotea

Msifiche. Katibu aseme siku hiyo hiyo, na asitukanwe, kwa sababu akiogopa atanyamaza. Laini ifungwe. Kwa kutumia simu nyingine, ingieni kwenye akaunti ya Google mjaribu kuitafuta, kuifunga ama kuifuta kutoka mbali. Itawezekana kama imewashwa na ina intaneti. Wanachama waambiwe ni habari gani zilikuwamo, wawe macho na simu za matapeli. Kama habari zinaweza kuwaletea watu madhara, sheria inataka Ofisi ya Kamishna wa Data ijulishwe ndani ya saa 72.

Ndugu zetu, mtu akitoa shilingi mia yake ya akiba, anatoa na jina lake. Shilingi ikipotea inaweza kulipwa. Jina likichafuka, hatuna sanduku la kulilipia.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Daftari letu liko kwenye simu ngapi leo? Nani anajua?

2. Ni habari gani za wanachama tunazoandika ambazo hatuzihitaji?

3. Simu ya katibu ikipotea usiku wa leo, kesho asubuhi tutafanya nini kwanza?